Idadi ya Watoto wa Mama Elinipendo

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, ukoo wa Munisi na ukoo wa Nkya, majirani wa Masama, na ninyi nyote mliopanda huku na vumbi hili la Februari kuja kutushika mkono, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Evelyn, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu huko Singida, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Elinipendo Jacob Munisi, kabla hatujamlaza pale migombani alipochimbiwa kaburi. Karatasi niliyoshika imechapwa vizuri na mdogo wangu Ronald, ila ina mahali pamoja, mahali pa idadi ya watoto, ambapo jana kikao cha ukoo kilibishana mpaka chai ikapoa vikombeni, maana mama aliagiza neno moja na ukoo umeagiza jingine. Nitafika hapo kwa mpangilio wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952 huko Machame, akiwa wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Ndetaulwa Nkya na Mama Aikande, ambao wote wametangulia, akabatizwa mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi hapo hapo Machame kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na walimu wake walimsifu kwa hesabu, lakini bibi yake alipopooza ikabidi msichana mmoja abaki nyumbani, na mzigo ukamwangukia yeye. Hakuwahi kutusimulia jambo hilo kama sadaka aliyoitoa kwa furaha, alisema wazi kwamba lilimuuma, na kwamba kwa muda mrefu alimgeuza bibi kitandani huku analia kwa hasira, lakini alimgeuza. Alipata kipaimara mwaka 1967.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa takatifu na baba yetu, Jacob Munisi, aliyekuwa dereva wa lori la kahawa, akahamia hapa Masama kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo, na kuanzia siku hiyo kazi yake ilikuwa kahawa, migomba, ng'ombe, na mara mbili kwa wiki kushuka na ndizi sokoni Moshi. Wateja wake waliopo hapa watanishuhudia kwamba ukiinua mkungu ambao haukukomaa alikuambia weka chini huo, huo ni wa kudanganyia wageni, nao wageni pia alikuwa hawauzii.

Najua mnategemea niseme marehemu alikuwa mpole na mnyenyekevu, ndivyo husemwa, lakini ningesema hivyo mngecheka, na msibani haipendezi kucheka mapema namna hii. Mama hakuwa mpole. Kanisani alisinzia kwenye mahubiri, mchungaji atanisamehe, kwaya ilimkataa kwa sauti ambayo wote mnaijua, na kuomba hadharani aliomba kwa ufupi wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Imani yake ilikuwa mikononi. Aliweza kugombana na jirani asubuhi juu ya zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, wakaambizana maneno mazito kabisa, jioni akampelekea jirani huyo huyo maziwa kwa sababu amesikia mtoto wake ana homa, na kesho yake wote wawili wakaendelea na ugomvi pale walipouachia. Sisi wanawe tulimwona kigeugeu, na yeye alishangaa kwamba tunashangaa, akasema ugomvi ni wa maji, mtoto ana kosa gani.

Katika ndoa yake alijaliwa kuzaa watoto watatu, nami Evelyn nilizaliwa mwaka 1976, Godlove ambaye yuko Dar es Salaam mwaka 1979, na Ronald ambaye yuko Arusha mwaka 1985. Hao ndio waliotoka tumboni mwake, na hapo ndipo karatasi inaponitaka niweke nukta.

Siweki nukta, kwa sababu kuanzia mwaka 2001 lori la baba lilikuwa likilala Majengo, kule Moshi mjini, zaidi ya lilivyolala Masama, na huko Majengo, kwenye chumba cha kupanga, aliishi fundi cherehani aitwaye Priska, mzaliwa wa Rombo, ambaye tarehe 14 Juni 2004 alimzalia baba mtoto wa kiume, Jesse. Mama alijua kabla yetu sote na alikaa kimya, na huo ukimya msidhani ulikuwa amani, maana niliuona ukimkondesha. Baba alipofariki kwa ajali tarehe 16 Juni 2009 Priska alikuja msibani na mtoto mkononi, akazuiwa pale getini, nasi watoto wa marehemu tulikuwa miongoni mwa waliomzuia, na historia ya baba ikasomwa hapa hapa uwanjani na baba yetu mdogo, Mzee Elifuraha, ikasema ameacha mjane na watoto watatu. Watu wakaitika amina.

Mwezi Novemba 2014 mama aliteremka na wanawake wenzake wa usharika kutembelea wagonjwa katika hospitali ya Mawenzi, walibeba sabuni na mtori wa ndizi kama kawaida yao, na katika kitanda ambacho hakikuwa na ndugu wala chupa ya chai alimkuta Priska, saratani imeshamla, hakuna wa kumletea chakula. Wenzake waliokuwepo wanasema alikaa bila salamu, akamlisha mtori kijiko kwa kijiko huku amenuna, akarudi kesho yake na keshokutwa, na hospitali ilipomruhusu Priska kutoka, mama akakodi gari akamleta hapa nyumbani pamoja na mtoto. Nilimpigia simu kwa ukali, nikamuuliza amemsamehe vipi mwanamke yule haraka hivyo, akanijibu neno ambalo limenikaa hadi leo, akasema, "Mimi sijasema nimemsamehe, nimesema amelala njaa."

Ndugu zangu, natamani ningewaambia kwamba walikuwa marafiki, lakini nitakuwa natunga. Kwa wiki nyingi mama alimwogesha Priska bila kumtazama usoni, alimbadilishia shuka akizivuta kwa hasira, alimpikia uji na kuuweka chini kwa kishindo, na Priska naye aliona haya hata kuomba maji. Upendo, kama ulikuja, ulikuja ukiwa umechelewa na umechoka, mwishoni, wakati wanawake wawili hao walipoanza kucheka usiku kwa habari ambazo hawakutaka sisi tuzijue, na mimi nilivisikia vicheko hivyo nilipokuja likizo, nikakasirika zaidi. Tarehe 2 Machi 2015 Priska alifariki mikononi mwa mama.

Mwili ulipelekwa Rombo kwa kaka zake, wakaupokea wakauzika kwa heshima, lakini mtoto wakasema ni wa Munisi, arudi kwa Munisi, na mama aliporudi naye hapa ukoo wa Munisi ukasema ni wa Rombo, arudi Rombo, na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya kikao anasikia yote hayo. Mama hakujenga hoja yoyote, alimshika mkono akampeleka jikoni akampakulia machalari ya ndizi na nyama, na siku iliyofuata akamwandikisha shule. Mwaka 2019 Jesse alipopata kipaimara mama alisimama naye kanisani mahali pa mzazi, akachinja mbuzi, akapika chakula cha watu wengi, na wengi hawakuja, sisi watoto wake tukiwa wa kwanza kutokuja, basi jioni akafunga ile pilau na nyama akazituma nyumba kwa nyumba kwa wale wale waliosusa, nao wakala, na wengine wako hapa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si dogo, kwa ajili ya wageni wasiojua desturi zetu. Kwetu nyumba ya mama humwendea kitinda mimba wa kiume, na tangu azaliwe Ronald amejua kwamba nyumba hii ni yake, na kwa haki yote, maana yeye ndiye aliyeezeka bati jipya, yeye ndiye aliyevuta umeme, na mke wake ameshapanda maua pale mbele. Jesse akihesabiwa, kitinda mimba si Ronald tena. Ronald si mwizi wala si mtu mbaya, ni mdogo wangu niliyembeba mgongoni, na ninapoyasema haya namwona ameinamisha kichwa na inaniuma sana.

Tarehe 17 Agosti 2023 mama alipatwa na kiharusi akiwa anakata majani ya ng'ombe. Jesse wakati huo alikuwa mpagazi, anapandisha mizigo ya watalii mlimani, akapata habari akiwa juu kambini, akashuka, na hakupanda tena. Sisi watatu tulifanya tulivyoweza, tulipiga simu, tulituma vitu, tulikuja Krismasi tukaondoka baada ya mwaka mpya kama wanavyofanya Wachagga wote waliotawanyika, lakini aliyemwinua mama, aliyemwogesha na kumlisha, aliyejifunza kumfahamu wakati ulimi wake umekuwa mzito na sisi hatumwelewi, ni mmoja. Mwezi Aprili mwaka jana, bado ana maneno machache, mama aliniita mimi na mchungaji, akaagiza kwamba siku yake ikifika Jesse asomwe pamoja na wanawe, na nilipoanza kumweleza habari ya nyumba na habari ya ukoo alinikatiza, akasema taratibu, neno moja moja, "Baba yenu alizikwa na uongo. Mimi msinizike na wa pili."

Mama yetu alilala usingizi wa mauti Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali ya Mawenzi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jana kwenye kikao niliwasilisha agizo hilo, na baba mdogo Elifuraha akasema kwamba historia ya marehemu ni ya tumbo lake, si ya huruma yake, na ukoo ukakubaliana naye, ikaandikwa watatu. Baba mdogo, nakuheshimu, umetusimamia tangu baba afariki, na neno lako ni zito, nimelala nalo. Lakini asubuhi nilijaribu kuisoma karatasi hii peke yangu, na kila nilipofika kwenye ugonjwa nilikwama, kwa sababu siwezi kuwaeleza watu ni nani aliyemwogesha mama yetu bila kusema ni nani wake, na nikisema ni kijana wa kazi nitakuwa nimesema uongo mbele ya jeneza. Moyo wangu kwa kijana huyu bado ni mgumu, sitawaficha, nikimtazama namwona baba anatushushia aibu ya Majengo mpaka mezani. Hata hivyo sikuombwa kuusoma moyo wangu.

Kwa hiyo marehemu ameacha watoto wanne, Evelyn, Godlove, Ronald na Jesse, wajukuu wanane na kitukuu mmoja. Ronald, mdogo wangu, nakuomba usinyanyuke, kaa, nimalizie. Habari ya nyumba itazungumzwa na ukoo baada ya matanga, na huenda tukagombana vibaya, mimi sikupewa nyumba niigawe, nimepewa historia niisome.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mawenzi waliomhudumia mama usiku na mchana, tunamshukuru mchungaji na wanawake wa usharika ambao hawakukosa hata wiki moja kuja kumwimbia hapa kitandani, nyimbo ambazo alizifuatisha kwa sauti yake ile ile, tunawashukuru wanawake wenzake wa sokoni waliofunga meza zao leo, walimu wenzangu waliosafiri kutoka Singida, na majirani waliokata migomba, waliochota maji na waliopika tangu Jumapili. Tunawashukuru pia wazee wa ukoo, hata wale ambao sasa hivi wamenikasirikia, kwa kuwa kaburi mmelichimba ninyi. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu awalipe.

Mwisho, hapa kwenye safu ya wafiwa kuna viti vitatu, kwa sababu ndivyo tulivyopanga jana. Godlove, msogelee Ronald, kiongezwe kiti upande wako. Jesse, mdogo wetu, acha hizo kuni, utazikoka baadaye, nawa mikono uje ukae, maana tunakwenda kumzika mama.

Mama, tuko wote. Pumzika kwa amani.