Ardelia Fontenot na Karatasi Niliyoichoma

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani, mimi ni Lucius, mdogo wake Ardelia, na familia imenituma niwasomee safari ya maisha yake, ila mnivumilie, maana nitaisoma nikiwa na hasira.

Dada yetu Ardelia Mae Fontenot alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Opelousas, Louisiana, mtoto wa kwanza wa marehemu Alcide na mama yetu Earline aliyekaa hapa mbele, mwaka 1968 tukahamia hapa Oakland, akasoma hadi kumaliza sekondari Juni 1979, na mchuzi wake wa bamia na kamba, gumbo, nyote mnaujua, msijifanye hamkulamba sahani.

Alifunga ndoa na Roscoe Tillery tarehe 14 Agosti 1982 katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Delphine na Thaddeus. Mwaka 1990 Roscoe alipata saratani ya koo, chakula kikakataa kushuka, dada akaanza kupika siagi kwa majani ya bangi, kijiko kimoja tu kwenye uji wa mahindi, mgonjwa akala, akacheka, akataka kingine, naye akamwambia, "Subiri masaa mawili kwanza, bwana wewe, hii si peremende, nguvu yake huchelewa," na kusubiri huko ndiyo sheria aliyomfundisha kila aliyejifunza upishi huo kwake.

Tarehe 3 Februari 1991 polisi waliingia jikoni sufuria ikiwa bado motoni, gazeti la mtaa likatoa picha yake akiwa na aproni na pingu, akafungwa miezi kumi na minne, na Roscoe tukamzika mkewe akiwa ndani.

Alipotoka aliomba kazi ya upishi kila mahali, wakishaiona rekodi yake wanamwonyesha karo la vyombo, akaosha sahani miaka ishirini na sita katika mkahawa mmoja wa mjini, na bangi iliporuhusiwa, mpishi mkuu wa hapo, asiyewahi kulala rumande hata siku moja, akaanza karamu za vyakula vya bangi kwa matajiri, magazeti yakamsifu kwa ujasiri wake, na sahani za karamu hizo akaziosha dada yangu. Jamani!

Juni 2019 mawakili wa kujitolea walimfutia rekodi yake pale chini, kwenye ukumbi wa kanisa hili, tukafanya sherehe uani, na mimi, Lucius, kwa furaha yangu, nikaitupa nakala ya hukumu kwenye makaa ya kuchomea nyama, mkapiga makofi. Mwaka 2021 jiji likatenga leseni za mikahawa ya bangi kwa waliowahi kufungwa kwa bangi, dada akaomba pamoja na wenzake sita waliotoka jela, ili nao wapike mbele za watu badala ya kufichwa kwenye karo, karani wa jiji akataka uthibitisho wa kifungo, akatafuta kwenye kompyuta, akasema, "Mama, kwa kumbukumbu zetu hujawahi kukamatwa," naye akamjibu, "Basi nirudishie miezi yangu kumi na minne." Mahakamani nako, baada ya rekodi kufutwa, jalada lilikwisha kuteketezwa, na karatasi pekee iliyobaki ya hukumu ndiyo ile niliyoichoma mimi.

Mei 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, akafariki hospitalini tarehe 11 Januari 2024, saa tisa alasiri, akiwa ameniuliza asubuhi ile kama karatasi imepatikana, nami nikamwambia bado.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala kwetu, waosha vyombo wenzake mlioomba ruhusa mkanyimwa na bado mkaja, na wale sita waliopika chakula kinachowangoja chini, hakina bangi, mama amekikagua mwenyewe.

La mwisho ni ombi. Delphine amerithi maombi ya leseni, ofisi imekubali gazeti lile kuwa ushahidi, mwisho ni Ijumaa ijayo, tarehe 26, na sisi mwaka ule wa 1991 tulinunua kila nakala tuliyoiona tukaichana kwa aibu, kwa hiyo aliye na picha ya dada yetu akiwa na pingu, hata kama aliitunza miaka yote hii ili atucheke, ailete, tutampokea kwa mikono miwili.

Ardelia, lala kwa amani, dada, karatasi bado naitafuta.