Kipa Mchelewaji

Taksi ya Zorobabel, ya Beni kwenda Butembo, haikuwa na redio, kwa hiyo dereva alisikiliza abiria. Siku hiyo nyuma yake waliketi mzee mwuza mbao na mama mwenye filimbi shingoni, wasiojuana.

"Ile terrain ya mupira ya Mususa bangeikata parcelles za nyumba," mzee alisema. "Mupira hapana kazi, mama. Kujenga nyumba ndiyo kazi."

"Papa, bila terrain, hapana nyumba," alijibu mama, mwalimu wa timu ya wasichana. "Ravin ilikuwa inakula mulima. Donc tuliweka sheria: mwenye kuchelewa ku entraînement, ku mazoezi, anapanda mwanzi, bambou moja, kando ya ravin. Sasa ravin imesimama."

Zorobabel alilijua korongo hilo. Lilikwisha kumeza jiko la shangazi yake.

"Mais batoto wangapi banachelewa, mama? Bambou mbili, tatu?"

"Gardien wetu, mwenye kulinda goli, anachelewaka kila siku. Yeye peke yake amepanda pori nzima."

Zorobabel alicheka, akasahau kukwepa shimo.

"Na nyumba ya papa iko wapi?" mama alimwuliza mzee.

Mzee alikohoa. "Chini kidogo ya terrain."

"Basi anakulinda na wewe."

"Hata! Parcelles ni parcelles," mzee alisema, maana mwuza mbao hashindwi na filimbi.

Gari lilisimama Mususa, mvua ikianza. Mzee alishuka, akaangalia mlima, akaenda hatua tatu, kisha akarudi kuinama dirishani.

"Mama, yule gardien... kesho atachelewa tena?"