Madirisha Mia Mbili

Pale Gikondo, nje ya karakana ya Habimana, fundi wa kuchomelea vyuma, kuna benchi ambalo kazi yake ni kutatua matatizo ya nchi za watu. Asubuhi hiyo lilipata tatizo la jirani. Mchina wa kiwanda cha nguo, ng'ambo ya barabara, alikuwa ameyapenda madirisha ya Habimana. Alimwambia aje saa nne kamili, kuna madirisha mia mbili ya kuchomelea. Habimana alikuwa hajashika kazi ya maana tangu Pasaka. Lakini hapo kijiweni mtu haendi popote kabla benchi halijamruhusu, na yeye, mjinga wa hiari, akaenda kuomba ruhusa.

—Kwanza tujiulize, alisema Gratien, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Kwa nini ametoka kwao?

—Kwao viwanda vimejaa, bwana! alidakia Shafiq. Huyu kijiweni huitwa Guangzhou, kwa jina la mji wa China. Alikwenda huko siku nne kununua simu, akarudi mtaalamu wa Asia nzima. Mishahara ya huko imepanda, aliendelea, nguo zao zinapigwa ushuru kila mpaka. Zikishonwa hapa, zinapita kwa jina letu.

—Na sisi tunapata nini? Redio aliuliza.

—Tunakata utepe, alijibu Guangzhou. Serikali yoyote ikiona Mchina, inatafuta mkasi. Halafu inamsamehe kodi. Halafu inalalamika halipi kodi.

—Oya! Hayo ya magazeti, Redio alisema. Ukweli uko hapa: anataka milima. Atashona, atashona, siku moja utaamka, mlima Rebero haupo.

—Ataibebaje? Habimana aliuliza, macho kwenye simu. Saa tatu na nusu.

—Kontena si wanadai zinarudi kwao tupu? Redio alisema. Umewahi kuchungulia?

Hakuwahi. Alijilaumu sana kwa kutochungulia.

—Kaka Habimana, si uende tu? alisema Annick, mwenye chupa ya kahawa.

—Dada, wewe mimina. Uwekezaji si mambo ya kukurupuka.

Zikabaki dakika tano. Habimana akainuka bila ruhusa, akafuta mikono kwenye suruali. Hapo alikuwa amesimama Mugeni, binti aliyeanza kazi kiwandani Jumatatu, akinunua kahawa.

—Unakwenda kwa nani? Getini hawakuingizi bila jina la mwenyeji.

—Kwa Mchina.

—Yupi? Wako kumi na wanne.

—Yule mrefu... mwenye kofia.

—Wote wana kofia. Anaitwa nani?

Habimana akamtazama Redio. Redio akatazama kikombe. Guangzhou akakohoa. Miaka mitatu yule mtu anapita hapo kila asubuhi, anamwita Habimana kwa jina, anamuuliza habari za watoto. Kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, walichimba mtaro pamoja, kwa sepetu moja. Aibu ilimpanda Habimana mpaka masikioni.

—Kaa kwanza, sha, rafiki yangu, Redio alisema. Hilo nalo inabidi tulijadili.

Habimana hakukaa. Alivuka barabara, mlinzi akamkatalia, akabaki amesimama juani nje ya geti, akingoja Wachina wote watoke kula mchana, amtambue wake.