Nduwayezu Mlangoni

ERNESTA: Haloo? Haloo! Nani huyo?

THEODOSIA: Mtu anabisha hodi. Fungua.

ERNESTA: Nani? (mkwaruzo) Sikusikii, mtandao unakoroma. Ni nani?

THEODOSIA: Wifi yako Theodosia, wa Titye! Umekaa na kaka yangu mpaka tukamzika, na sauti yangu bado huijui?

ERNESTA: Yebaba we! Wifi! Mwakeye!

THEODOSIA: Mwakeye. Nimepanda kichuguu kutafuta mtandao. Mbuzi yuko chini ananitafuna kanga, kwa hiyo nikikata ghafla ujue nimebaki uchi.

ERNESTA: (anacheka) Hubadiliki wewe! Za Kasulu?

THEODOSIA: Mihogo ipo, magoti hayapo. Za Kitahana?

ERNESTA: Tunamshukuru Mungu. Mvua tu. Jana imenyesha, nikasema leo bati—

THEODOSIA: Na mgeni wangu je?

ERNESTA: Mgeni gani?

THEODOSIA: Mtoto wa marehemu dada yangu. Yule mliyekuwa mnamwita Kadogo.

ERNESTA: Kadogo! Si alikuwa hivi, anakojoa kitandani?

THEODOSIA: Sasa ana ndevu, na anayekojoa kitandani ni mtoto wake. Mkewe Careen kapasuliwa tumbo hapo hospitali Kibondo. Nikamwambia, mbebe huyo mtoto, nenda kwa wifi yangu Ernesta. Yeye atakaa na mtoto, wewe umpelekee mgonjwa uji. Uliza nyumba ya mama wa maombi, hata kuku wanaijua. Jana asubuhi kapanda gari.

ERNESTA: Jana?

THEODOSIA: Jana.

ERNESTA: Mbona... hapana, wifi. Hapa hajafika mtu.

THEODOSIA: Hajafika.

ERNESTA: Labda gari limekwama. Njia hii ikinyesha—

THEODOSIA: Labda. Na jana ulikuwepo nyumbani?

ERNESTA: Nilikuwepo, ilikuwa Jumatano. Akina mama wote wa maombi walikuwa hapa kwangu. Somo lilikuwa imani. Wifi, Roho alishuka! Na Jumapili nimepangiwa kusimama mbele, nitoe ushuhuda, imani ya kweli ni nini.

THEODOSIA: Ee. Ni nini?

ERNESTA: Bado naandaa.

THEODOSIA: Haya. Basi akifika, usimwite Kadogo mbele ya watu, ataona haya. Jina lake la ubatizo ni Nduwayezu.

(kimya)

THEODOSIA: Haloo? Wifi?

ERNESTA: Nipo.

THEODOSIA: Nilidhani mtandao.

ERNESTA: Anaitwa nani, umesema?

THEODOSIA: Nduwayezu. Kwa Kiha chetu mtu akitamka hivyo, wewe unasikia nini?

ERNESTA: "Mimi ni wa Yesu."

THEODOSIA: Jina zuri. Mbona unapumua hivyo?

ERNESTA: Wifi... jana kuna mtu alibisha.

THEODOSIA: Ehe.

ERNESTA: Tulikuwa katikati ya maombi, mvua inapiga bati, husikii hata kikohozi chako mwenyewe. Mlango ukagongwa. Nikauliza, "Ni nani?" Sauti ikajibu, "Nduwayezu!"

THEODOSIA: Mkafungua.

ERNESTA: Tukaitika, "Amina! Na sisi ni wake!"

THEODOSIA: (kicheko kirefu) Ngoja, ngoja nitaanguka—

ERNESTA: Akagonga tena. "Nduwayezu!" Tukaitika tena. Kezia akapiga na vigelegele.

THEODOSIA: Vigelegele! (anacheka mpaka anakohoa) Mtu kasimama kwenye mvua anataja jina lake, ndani anapigiwa vigelegele! Mbavu zangu mimi!

ERNESTA: Usicheke, wifi. Tulidhani ni ndugu anapita, katushuhudia. Kosa la jina tu. Mtu yeyote angekosea.

THEODOSIA: Ni kweli. Hata mimi ningeitika.

ERNESTA: Ee!

THEODOSIA: Na mara ya tatu?

ERNESTA: Hakukuwa na mara ya tatu.

THEODOSIA: Wifi.

ERNESTA: Mara ya tatu hakusema kitu. Mtoto ndiye aliyekohoa.

THEODOSIA: Si umesema kwa mvua ile husikii hata kikohozi chako?

ERNESTA: Changu ndiyo.

THEODOSIA: Na hicho nacho mkakiitikia Amina?

ERNESTA: Wenzangu walikuwa wamefumba macho. Mimi... mimi nilichungulia. Pazia la dirishani, kidogo tu. Nikaona mwanaume kalowa chapachapa, peku, furushi kichwani, kitoto kimefungwa mgongoni kwa kitenge. Mwanaume, na kitenge! Nikajua ni hawa.

THEODOSIA: Hawa nani?

ERNESTA: Hawa wanaoshushwa na malori kule Nduta. Wanatoka kambini wanapita nyumba kwa nyumba. Wifi, ukimfungulia mmoja—

THEODOSIA: Wakimbizi.

ERNESTA: Ndiyo.

THEODOSIA: Wewe Ernesta uliingiaje Kitahana?

ERNESTA: Wifi, hayo ya zamani—

THEODOSIA: Nauliza tu. Ulikuja na gari?

ERNESTA: (kwa sauti ndogo) Mgongoni.

THEODOSIA: Sijasikia.

ERNESTA: Mgongoni kwa mama!

THEODOSIA: Haya. Ukachungulia, ukaona. Halafu?

ERNESTA: Halafu... (mkwaruzo) ...pambio.

THEODOSIA: Umefanya nini? Mtandao umekula.

ERNESTA: Nikaanzisha pambio.

THEODOSIA: Sema kwa nguvu, huku upepo!

ERNESTA: Nimesema nikaanzisha pambio! Ili nisisikie!

THEODOSIA: La polepole?

ERNESTA: La makofi.

(Mbuzi analia.)

ERNESTA: Wifi, umekata?

THEODOSIA: Nipo. Namsikiliza mbuzi. Leo yeye ana afadhali.

ERNESTA: Yuko wapi mtoto wa watu? Mvua ile... Yuko wapi?

THEODOSIA: Tangu jana yuko hapo mbele yako, ng'ambo ya barabara. Kwa Athuman, fundi baiskeli. Kadogo alinipigia kwa simu ya fundi huyo.

ERNESTA: Athuman! Kwa hiyo ulikuwa unajua? Tangu napokea simu, unajua?

THEODOSIA: Nilisema fungua. Nikangoja nione.

ERNESTA: Mungu wangu. Na Athuman alimwambiaje?

THEODOSIA: Hakumuuliza ni wa nani. Alimuuliza mtoto anakunywa uji wa sukari au wa chumvi.

ERNESTA: (anapumua) Basi nimesemwa barabara nzima. Huyo Kadogo amewaambia nini kuhusu mimi?

THEODOSIA: Hakukusema.

ERNESTA: Usinifiche.

THEODOSIA: Haki ya Mungu. Kaniambia, "Mama, walikuwa wanaomba vizuri sana, nikaona haya kuwakatiza."

ERNESTA: Bora angenitukana.

THEODOSIA: Ndiyo. Ingekuwa rahisi.

ERNESTA: Jumapili nikisimama sitoi ushuhuda. Nitapiga magoti, nitatubu mbele ya kanisa lote, nitalia—

THEODOSIA: Ili waseme, mmeona mama yetu anavyojua kutubu? Jumapili mbali, wifi. Barabara iko karibu.

ERNESTA: Siwezi kwenda kwa Athuman. Mkewe nimemwambia mara ngapi aje kwa Yesu!

THEODOSIA: Leo mwambie, "Jana Yesu alikuja kwangu akakosa mlango, nimesikia amelala kwako."

ERNESTA: Usinitanie, naumia.

THEODOSIA: Mimi ni wifi yako, nisipokutania mimi akutanie nani? Vaa viatu.

ERNESTA: Usikate basi. Twende wote.

THEODOSIA: Sikati. Labda mbuzi.

(hatua kwenye tope. Kengele ya baiskeli.)

ERNESTA: Kezia yuko kibarazani, ananitazama.

THEODOSIA: Mpungie mkono.

ERNESTA: Nimefika. Mlango umefungwa. Wifi, nikibisha wasipofungua?

THEODOSIA: Utaanza kuelewa mvua.

(mlango unagongwa)

ERNESTA: Hodi! ...Hodi hapa!

(sauti ya mtoto, kwa mbali: "Ni nani?")

ERNESTA: Wifi, ni mtoto wa Athuman. Anauliza ni nani.

THEODOSIA: Nimesikia. Mjibu.

ERNESTA: Ni mimi... Ernesta!

(sauti ya mtoto: "Ernesta wa nani?")

ERNESTA: (ananong'ona) Wifi, anauliza mimi ni wa nani.

THEODOSIA: Nimesikia.

ERNESTA: Nimwambie wa nani? Mdomo haufunguki. Lile neno... jana tu nilipiga makofi nikisema mimi ni wake.

THEODOSIA: Basi sema lililo kweli. Fanya haraka, simu inaniambia salio linakwisha.

ERNESTA: (kwa sauti, mlangoni) Ni yule mama wa jana! Wa pambio!

(Kikohozi cha kile kitoto cha jana. Komeo linavutwa.)

THEODOSIA: Kafungua nani? Wifi? Haloo! Kafungua na— toka, mbuzi wewe! Haloo?

(simu imekatika)