Laptop ya Mke wa Kinyozi

Kinyozi alipanda basi amekumbatia boksi la laptop kama mtoto mchanga. Nilijua ni kinyozi kwa sababu nywele za wateja zilikuwa bado mabegani mwake. Nesi aliyekaa naye, sare yake imepigwa pasi vizuri, alilisoma boksi lote kisha akauliza, “Kaka, hii ni ya kazi gani?”

“Ya mke wangu. Anafundisha watoto masomo ya ziada, nyumba kwa nyumba.”

“Kwa miguu?” Kinyozi akakubali. Nesi akalinyanyua boksi kidogo, akaguna. “Masikini wifi yangu! Yeye mwenyewe alitaka ipi?”

“Alisema nyepesi, inayokaa na chaji. Lakini kwa bei ileile nimepata yenye kioo kipana, na vitufe vinawaka taa za rangi!”

“Taa za kufundishia hesabu?”

Kinyozi akajikuna kidevu. “Jioni, yeye akipumzika, na mimi si nitacheza gemu ya mpira kidogo?”

“Kumbe wifi ataazimwa zawadi yake mwenyewe!” Mimi nikageukia dirishani, nisicheke mbele za watu.

Basi likapunguza mwendo. Kituoni alisimama mwanamke mwenye mkoba mpya wa laptop begani, mkoba mwembamba kama bahasha. Kinyozi akautazama ule mkoba wa mkewe, akalitazama boksi.

“Dada yangu, si unashuka hapa? Twende ukamwambie wewe ndiye uliyenishauri.”

Nesi alikuwa ameshasimama. Akakaa tena.