Mshonaji wa Dirishani

Benchi la mbele ya kilabu cha bia, ng'ambo ya mto Pegnitz, lina wenyewe. Kunz mchonga picha, ambaye Nuremberg nzima humwita Patasi, hukaa mwisho penye jua. Utz muoka mikate, yaani Hamira, hukaa katikati kwa sababu ya tumbo. Endres mtengeneza mapipa hukaa panapobaki. Jumamosi ile walikuwa na jagi moja la bia na marehemu mmoja wa kumsema: Veit Pommer, mchoraji na mchapaji, aliyezikwa miaka mitatu nyuma na bado picha zake zinagombewa hadi Venisi. Kesho yake baraza la mji lingetundika jina lake mlangoni kwake. Wivu ulikuwa umemla Kunz wiki nzima.

— Jina lile lilitakiwa liwe langu, alisema. Picha ya mshonaji dirishani, iliyomtajirisha, niliitoa mimi. Kaniibia. Kesho nawapelekea ushahidi.

Akatandaza karatasi mbili benchini, ya Veit na yake. Zilifanana mpaka mikunjo ya gauni.

— Mimi nakuamini, alisema Utz. Marehemu si alikuwa na kibiongo? Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mgongo ule uliinama kwa kuchungulia madirisha ya watu.

— Marehemu gani? aliuliza Endres. Yule hajafa. Jeneza nililibeba mimi, ndani yake mlijaa mawe. Yuko mji wa Antwerp, anachonga na kutucheka.

— Basi na wale wanafunzi wake kumi na wawili wanaochora kama yeye, alisema Utz, ni yeye mwenyewe anabadili kofia.

Kunz alijisikia raha kidogo. Akawaambia hawaijui kazi hii. Ukichonga ubao, ukaupaka wino na kuugandamiza kwenye karatasi, picha hutoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Lazima uchonge kinyumenyume, na Veit hakuwa na kichwa hicho.

Hapo akafika Barbel, mshona glavu aliyehamia kutoka Augsburg mwezi ule, na jagi lake mkononi. Utz akamsogelea Endres kumpa nafasi.

— Karibu dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Barbel hakukaa. Aliinamia zile karatasi kwa muda mrefu.

— Nzuri zote, alisema. Ila huyu wa marehemu anashona kwa mkono wa kulia, kama mimi. Huyu wako, mzee wangu, mbona anashona kwa kushoto?

Endres alimtazama Utz. Utz, ambaye hajawahi kuishiwa methali, aliinua jagi amimine, likatoa povu tu.

Kunz alikumbuka. Aliinunua picha ya Veit wino ukiwa bado mbichi, akaibandika juu ya ubao wake bila kuigeuza na kuufuata kila mstari kwa kisu, siku tisa, kwa sababu hakuwa ameona kitu kizuri namna ile. Hayo ya kuibiwa alijiambia baadaye, mwaka hadi mwaka, hadi akayaamini.

— Kesho barazani twende saa ngapi? aliuliza Endres, taratibu.

— Nendeni nyie.

Akaikunja ile yake, akaitia kotini. Ya Veit aliiacha pale benchini, Barbel akiwa bado anaitazama.