Miaka Thelathini na Minne ya Tikiribanda kwenye Meza ya Mkojo

Bwana Tikiribanda Herath, fundi wa maabara ya hospitali yetu ya Galwewa, anastaafu tarehe 31 Machi baada ya miaka thelathini na minne ya kupima mikojo ya wakulima wa mpunga.

Alikuja na taa ya spiriti, neli ishirini za kioo za kupimia na mizaha isiyokwisha. Waliomletea mkojo kwenye chupa za pombe aliwaambia, "Suuza kwanza, ndugu yangu, nisije nikalewa kazini."

Mwaka wa tisa mizaha ilipungua. Alichemsha mkojo, ukafanya ukungu mweupe; akadondoshea asidi, na ule ukungu ukagoma kutoka. Ilikuwa protini, tena kwa wanaume wasio na kisukari wala presha. Daktari mkuu wa wakati huo akacheka: "Banda, asidi yako imeoza!" Herath akanunua nyingine mjini. Akapima mkojo wake mwenyewe, ukabaki safi kama maji. Wa wakulima ulibaki mweupe.

Basi siku zake za mapumziko akazunguka mashambani kwa baiskeli, akapima wanaume mia mbili na kumi na wawili. Thelathini na mmoja figo zao zilikuwa zinavuja. Mmoja alikuwa mdogo wake, Punchirala, aliyezoea kumtania mbele za watu: "Kaka, wenzako wanasoma nyota, wewe unasoma mikojo!"

Orodha aliipeleka kwa wakubwa. Jibu likawa uhamisho: miaka miwili ya kuhesabu shuka stoo, kwa kosa la "kutia watu hofu." Barua ile niliichapa mimi, karani wenu, na sikuuliza neno. Punchirala alikuja mara mbili kupimwa, akakuta maabara imefungwa. Kaka yake aliporudishwa mezani, yeye alikuwa amevimba uso na miguu. Hakuishi kufikia mavuno.

Miaka sita baadaye walikuja watafiti kwa magari, wakakuta yaleyale, wakapigiwa ngoma. Jina la Herath halikutajwa. Alikuwa nyuma ya jengo, anawaoshea neli.

Wiki iliyopita tulimwuliza anataka zawadi gani. "Nipeni mtu wa kukalia kiti hiki," akasema. Kamati imemnunulia saa ya ukutani. Mrithi hajaajiriwa, hivyo kuanzia Jumatatu wanaotaka kupimwa waende mjini, kilomita arobaini na moja.

Bwana Herath, asante. Ulisema kweli, tukakupeleka stoo. Tunakuombea afya, miaka mingi, na majirani wasikivu kuliko sisi.